Kazi za Mikono: Kitambaa cha Vyombo Chenye Matundu



Ingia jikoni kwako sasa hivi. Kitambaa cha kuoshea vyombo kiko wapi? Kama kimelala pembeni ya beseni, kiguse. Kama ulikitumia jana jioni na bado ni kibichi, kinuse. Ile harufu inatoka kwa vijidudu. Vijidudu hupenda mambo matatu: unyevu, joto na mabaki ya chakula. Kitambaa kibichi kina yote matatu.

Hapa Chamazi, na pwani yote, tabu hii huzidi wakati wa masika, tangu Machi mpaka Mei. Nguo hukaa kwenye kamba siku mbili. Kipande cha taulo kuukuu, ambacho wengi wetu huoshea vyombo, ni kinene na kimeshonana. Asubuhi juu kimekauka, ndani kibichi. Sponji ni hivyo hivyo. Tunachukua kitambaa hicho, tunapitisha kwenye kikombe cha mtoto, kisha tunasema vyombo ni safi.

Tunakumbuka mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015, ulioanzia hapa hapa Dar es Salaam na kufika mikoa mingine. Kitambaa peke yake hakizuii kipindupindu. Choo bora, maji yaliyochemshwa na kunawa mikono kwa sabuni ndiyo kinga kubwa. Lakini jiko lenye kitambaa kinachonuka lina mlango mmoja ulioachwa wazi.

Basi mwezi huu tutafuma kitambaa cha vyombo cha uzi wa pamba, chenye matundu. Wengine hukiita kitambaa cha lesi. Usidhani matundu ni urembo tu. Upepo hupita humo, na kitambaa hukauka upesi. Tazama dodoki linalotambaa uani kwako. Likikauka na kumenywa, ndani ni matundu matupu. Ndiyo sababu dodoki huoshea vizuri na hukauka mapema. Nasi tutafanya kama dodoki, ila kwa uzi laini. Dodoki na jivu viendelee na masizi ya sufuria. Kitambaa chetu ni cha sahani, vikombe, bilauri na kufuta meza.

Akina mama wengi mnajua kroshia. Nyumba nyingi zina vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa sindano moja yenye ndoana. Kazi ya leo ni ya sindano mbili zilizonyooka, kama za kufumia sweta. Na wewe baba, usigeuze ukurasa. Wavuvi wengi wa pwani hii ni wanaume, nao hufuma na kutengeneza nyavu zao. Wavu ni nini kama si matundu yaliyohesabiwa?

UZI NA SINDANO

Uzi uwe wa pamba. Uzi wa sweta unaouzwa madukani mara nyingi si wa pamba wala si wa sufu. Ni wa kiwandani, wa jamii ya nailoni. Unang'aa na rangi zake zinavutia, lakini haunywi maji vizuri. Ukiuchemsha unalegea na kuharibika. Pamba hunywa maji. Tena pamba ina jambo la ajabu kidogo: ikilowa huwa na nguvu zaidi kuliko ikiwa kavu. Kwa hiyo unaweza kuikamua na kuifua bila huruma.

Utajuaje kama muuzaji anasema kweli? Omba kipande cha uzi, urefu wa kidole. Nenda nje, mbali na watoto na mbali na mafuta ya taa. Kishike kwa koleo, kisha kiwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi. Inanuka kama karatasi iliyoungua, na inaacha jivu laini la kijivu. Uzi wa jamii ya nailoni huyeyuka. Ukipoa unaacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa bado cha moto, kinanata na kuunguza ngozi.

Bonge moja la gramu 50, la uzi wa unene wa kati, linatosha kitambaa kimoja. Ukipata uzi mwembamba wa kroshia, shika nyuzi mbili au tatu pamoja, uzifume kama uzi mmoja.

Sindano ziwe na unene wa milimita 4 hivi. Spoki ya baiskeli, ambayo watu wengi wamefumia sweta, ina unene wa kama milimita 2. Kwa kazi hii ni nyembamba mno, kitambaa kitabana na matundu yatajifunga. Kama huna za dukani, chonga mwanzi mkavu. Ufanye mwembamba kuliko penseli, uchonge ncha moja, usugue kwa msasa mpaka usishike uzi. Upande wa pili funga kitu kidogo ili vitanzi visidondoke.

ALAMA TATU

Sasa tunasoma. Mafundi wa kufuma huandika kazi yao kwa alama. Mtu akiwa na alama hizo hana haja ya kukaa karibu na fundi siku zote. Karatasi inamfundisha. Hapa tutatumia alama tatu tu.

F maana yake ni fuma. Ingiza sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, ukitokea mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha ya sindano. Vuta uzi huo upite kwenye kitanzi, uwe kitanzi kipya. Kile cha zamani kiache kidondoke. Hiyo ni F moja. F4 maana yake ni kufanya hivyo mara nne.

T maana yake ni tundu. Leta uzi mbele yako, upite kati ya sindano mbili. Basi. Hujafuma kitu. Utakapofuma kinachofuata, uzi utapanda juu ya sindano ya kulia na kuwa kitanzi kipya. Chini yake pataonekana tundu.

P maana yake ni pamoja. Ingiza sindano ndani ya vitanzi viwili kwa mara moja, uvifume kama kimoja.

Hapa tusimame kidogo, maana kazi yote ya lesi imekaa hapa. T inaongeza kitanzi kimoja ambacho hakikuwapo. P inapunguza kitanzi kimoja. Kila tundu ni mkopo. Umekopa kitanzi, lazima ukilipe. Ukifanya tundu bila kulipa, mstari unakuwa na kitanzi cha ziada. Mstari mwingine, cha ziada tena. Kitambaa kinaanza kutanuka upande mmoja kama sketi. Ukilipa bila kukopa, kinasinyaa. Fundi mzuri si yule mwenye mikono ya haraka. Ni yule anayelipa kila tundu palepale.

KAZI YENYEWE

Tia vitanzi 36 kwenye sindano moja. Usivikaze, maana ukikaza mwanzo ukingo utavuta. Kama hujawahi kutia vitanzi, muombe jirani anayefuma sweta akuonyeshe. Ni kazi ya dakika kumi, na mkono hufundisha vizuri kuliko gazeti.

Mstari wa 1 mpaka wa 6: F36. Yaani fuma vitanzi vyote 36, geuza kazi, fuma tena, mpaka mistari sita iishe. Huu ni ukingo wa chini.

Mstari wa 7: F4, (T, P) mara 14, F4.

Usiogope mabano. Maana yake ni kwamba yaliyomo ndani unayarudia kama ulivyoambiwa. Fuma vitanzi vinne vya ukingo. Kisha fanya tundu, fuma viwili pamoja. Tundu, viwili pamoja. Endelea hivyo mpaka ufike mara 14. Vitabaki vitanzi vinne. Vifume. Sasa hesabu: 4 na 28 na 4 ni 36. Matundu 14, malipo 14.

Mstari wa 8, wa 9 na wa 10: F36. Ukifika kwenye uzi uliopanda sindano, ule wa tundu, ufume kama kitanzi cha kawaida.

Mistari hii minne, kuanzia wa 7 mpaka wa 10, ndiyo wimbo wetu. Imba wimbo huo mara 14. Mstari wa matundu utakuwa wa 7, wa 11, wa 15, wa 19, na kuendelea mpaka wa 59. Ukiutazama utaona wote ni namba zisizogawanyika kwa mbili. Kwa hiyo kama uko kwenye mstari wa 24 na mkono unataka kufanya matundu, umepotea.

Weka daftari karibu. Kila ukimaliza mstari, chora kijistari. Usitegemee kichwa. Mtoto ataita, chungu kitachemka, mgeni atapiga hodi. Ukirudi, kichwa kimesahau. Daftari halisahau.

Baada ya mstari wa 62, fuma mistari mitatu zaidi ya F36, uwe umefika wa 65. Sasa ukingo wa juu una mistari sita kama wa chini. Kunja kitambaa pembe kwa pembe. Kama hakijawa mraba na kinaonekana kifupi, ongeza wimbo mmoja kabla ya ukingo. Mikono haifanani. Mmoja hukaza, mwingine hulegeza.

Kufunga: fuma vitanzi viwili. Kwa ncha ya sindano ya kushoto chukua kile cha kwanza, kipitishe juu ya cha pili, kidondoke. Kimebaki kimoja. Fuma kingine, fanya vilevile, mpaka kibaki kimoja tu. Kata uzi ukiacha urefu wa mkono. Vuta mkia huo ndani ya kitanzi cha mwisho. Tumia mkia huo kufanya kishikio kidogo cha kuning'inizia, kisha ufiche ncha zake kwa sindano yenye tundu kubwa, ukipita nyuma ya vitanzi kadhaa. Usikate fupi sana. Kitambaa cha vyombo hukamuliwa kila siku, na ncha fupi huchomoka.

UKIKOSEA

Hesabu vitanzi kila baada ya mstari wa matundu. Ukikuta 36, endelea. Ukikuta 37, kuna mkopo haujalipwa. Tazama mstari, utaona tundu ambalo halina jozi iliyofumwa pamoja. Ukikuta 35, umelipa deni ambalo hukukopa. Rudi nyuma kitanzi kimoja kimoja. Usichomoe sindano yote, lesi ikiachiliwa hukimbia.

Mafundi wa lesi wana hila moja nzuri. Wakiwa kwenye mstari wa F ulio sahihi, huchukua uzi wa rangi nyingine na sindano ya kushonea, na kuupitisha ndani ya vitanzi vyote. Uzi huo unakaa tu. Mbele kukiharibika, wanafumua kwa amani, kazi inasimama kwenye uzi ule. Mwanafunzi auweke kila baada ya nyimbo tatu.

KUKITUNZA

Kitambaa kipya hakinywi maji vizuri. Kifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni. Kitasinyaa kidogo, hilo ni jambo la kawaida kwa pamba. Baada ya kazi ya kila siku, kisuuze, kikamue, kining'inize mahali penye upepo au jua. Kisilale pembeni ya beseni. Kichemshe mara kwa mara kwa dakika chache. Uwe na viwili au vitatu, kimoja kikitumika kingine kikauke. Cha meza kisiwe cha vyombo, na cha vyombo kisifute sakafu hata siku moja.

Vyombo vikishaoshwa viweke kwenye kichanja, vikaushwe na jua. Havihitaji kufutwa. Ukiona mtu anafuta sahani safi kwa kitambaa kibichi, jua anaichafua upya.

JE, KITAUZIKA?

Najua swali hili linakuja. Tulijibu kwa hesabu.

Kitambaa kina mistari 65, kila mstari vitanzi 36. Zidisha: vitanzi 2,340. Mtu anayefuma vitanzi 10 kwa dakika atatumia dakika 234, karibu saa nne. Tuseme bonge la uzi umenunua shilingi 3,000. Bei ya dukani kwako inaweza kuwa nyingine, weka yako. Tuseme saa moja ya kazi yako unaipa shilingi 1,000. Saa nne ni 4,000. Ukijumlisha na uzi, kitambaa kimekugharimu shilingi 7,000.

Sasa jirani anakuja. Anakisifu, anatoa shilingi 2,500. Wengi wetu tunapokea na kushukuru. Lakini umepoteza shilingi 500 ya uzi, na saa nne umezitoa bure. Hilo nalo ni tundu ambalo halikulipiwa.

Watu wa pwani hii wanaifahamu habari ya pamba isiyolipwa. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba katika vijiji vya wilaya ya Dar es Salaam. Watu walilazimishwa kuyalima. Malipo yalikuwa madogo mno, hata wengine wakakataa kuyapokea. Mpango huo ulienezwa kusini. Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza, vikaendelea mpaka 1907. Barabara ya Kilwa, tunayopita kwenda Mbagala Rangi Tatu, inaelekea huko huko. Wale walilazimishwa kwa nguvu. Sisi leo tunajilazimisha wenyewe, kwa aibu ya kutaja bei.

Hata hivyo tuseme kweli. Mtu hatatoa shilingi 7,000 kwa kitambaa cha kuoshea vyombo cha kila siku. Kwa hiyo kwanza fuma kwa nyumba yako. Faida yake utaiona kwenye afya, na kitambaa hicho kitadumu. Kwa kuuza, mtafute mnunuzi wa zawadi. Hapa Dar es Salaam kila mwezi kuna kichen pati za mabibi harusi, na wageni hutafuta vitu vya jikoni vya kumpa mwali. Vitambaa vitatu vyeupe vya lesi, vimefuliwa, vimepigwa pasi kidogo na kufungwa utepe, ni zawadi inayoeleweka. Mtu anayenunua zawadi habishanii bei kama anayenunua sabuni. Mkono ukizoea, saa nne zitakuwa tatu, na kitambaa kitashuka mpaka 6,000. Vitatu ni 18,000.

Gharama ya uzi nayo inaweza kushuka. Nchi yetu inalima pamba nyingi, hasa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, lakini sehemu kubwa huuzwa nje kabla ya kusokotwa kuwa uzi. Ndiyo maana uzi mzuri hautupatikani kwa urahisi. Mtu mmoja akinunua bonge moja moja anauziwa kwa bei ya juu. Watu kumi wakichanga na kununua kwa jumla wanapunguziwa. Chamazi hamhitaji kufundishwa kuchanga. Watu waliohamishwa Kurasini kwa ajili ya upanuzi wa bandari waliweka akiba kidogo kidogo, wakanunua ekari 30 hapa Chamazi, wakafyatua matofali wenyewe na kujenga nyumba. Kununua katoni ya uzi ni kazi ndogo kuliko hiyo. Mmoja ashike daftari, aandike jina la kila mtu, fedha aliyotoa na mabonge aliyochukua. Daftari lisomwe mbele ya wote kila mkutano, ili hata asiyejua kusoma asikie jina lake.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Unataka kitambaa kipana zaidi. Umetia vitanzi 44. Ukingo ni ule ule, vitanzi vinne kila upande. Mstari wa matundu utauandikaje? Andika kwenye daftari lako kabla ya kusoma jibu.

Jibu: 44 toa 8 ni 36. Kila tundu na malipo yake huchukua vitanzi viwili, kwa hiyo 36 gawanya kwa 2 ni 18. Utaandika: F4, (T, P) mara 18, F4.

Sasa jaribu kwa vitanzi 45. Utakuta kitanzi kimoja kimekosa mwenzake. Kwa hiyo ukitaka kuongeza upana, ongeza vitanzi viwili viwili.